Krimu ya kiwiko nikaipeleka shingoni

Jamani huu upepo wa Dodoma wa mwezi wa saba usiuchezee. Mwaka jana ulivyochanganya na vumbi la huku Nkuhungu pumu ya ngozi ikaamka viwikoni, nikawa najikuna mpaka damu. Daktari akaniandikia klobetasoli, krimu kali ya steroidi, paka mara mbili kwa siku, wiki mbili basi, usoni usiguse. Aisee siku ya nne tu muwasho kwisha, nikaona nimepata dawa ya kila kitu.

Hapo ndo nilipochemka. Kikatokea kiduara shingoni nikakipaka ileile, muwasho ukatulia ila kiduara kikawa kinatanuka kimyakimya, kingo zinafifia, nikiacha siku mbili kinawaka upya. Kumbe fangasi! Steroidi inatuliza wekundu kwa kuilaza kinga ya ngozi, sasa mlinzi kalala fangasi anajilia tu, na sura yake inabadilika mpaka ikabidi wanikwangue ngozi kidogo wakapime. Kwa hiyo ukienda hospitali sema kila ulichopaka, hata zile tyubu za duka la dawa zenye dawa ya fangasi, bakteria na steroidi humohumo. Mi nilificha mwanzoni, aibu tu.

Halafu kipimo. Nilikuwa napaka kama bluebandi kwenye mkate. Minya mstari kuanzia ncha ya kidole cha shahada mpaka kiungo cha kwanza, hiyo ni kama nusu gramu, inatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima pamoja na vidole. Usifunge nailoni juu kama hujaambiwa, inazidisha dawa kuingia. Ukimaliza nawa mikono, labda kama mikono ndo inayotibiwa.

Dada mmoja hapa mtaani aliona kiwiko changu kimetakata kuliko mkono wote, akaomba tyubu apake usoni. Nikamnyima, akaninunia wiki nzima. Lakini ngozi ya uso ni nyembamba, hizi krimu kali zinaipunguza zaidi, chunusi zinafumuka, vimishipa vinajichora, na ukizoesha kwapani au mapajani unapata michirizi isiyofutika.

Sasa hivi tyubu yangu nimeiandika kwa maka peni KIWIKO TU, mke wangu kila akifungua kabati anacheka.