Je, kuhama eneo la matetemeko ni kuikimbia qadari (majaliwa ya Mwenyezi Mungu)?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Tunaishi eneo ambalo ardhi hutetemeka mara kwa mara. Tetemeko la mwisho limeacha nyufa, mmoja uko juu ya kitanda cha watoto. Nikimwomba mume wangu tuhame, ananiambia imani yangu ni haba. Ustadhi mmoja amemwambia kuhama ni haramu kama kuikimbia tauni, na kwamba matetemeko huwapata watu kwa madhambi yao. Usiku silali. Je, nakosea? Na nyumba ikianza kutikisika nami nimo ndani ya swala, nifanyeje?

JIBU: Wa alaykumus salaam. Hukosei, dada yangu. Kuishi huko kunajuzu na kuhama kunajuzu. Kisichojuzu ni kuwalaza watoto chini ya ukuta ambao mjuzi amesema hautahimili, ilhali mna pa kwenda. Ningeishia hapo lau si maneno ya huyo ustadhi, maana si yeye wa kwanza kuyasema, na yanawabakisha watu kwenye nyumba mbovu kwa jina la dini.

Hadithi ya tauni ni sahihi, wameipokea Bukhari na Muslim: msiingie ilipo, wala msitoke mkiikimbia. Lakini anayetoka penye tauni huweza kuibeba hadi kwa wengine, na huku nyuma wagonjwa wakakosa wa kuwauguza. Nani aliwahi kuhama na tetemeko begani? Kiyasi, yaani kulipa jambo hukumu ya jambo jingine kwa kufanana kwao, kikikosa sababu inayounganisha mambo hayo mawili si kiyasi. Tena khalifa Umar bin Al-Khattab (r.a.) alipogeuza safari ya Sham (nchi ya Syria na jirani zake) kwa ajili ya tauni, Abu Ubaida, jemadari wake huko, akamuuliza kama anaikimbia qadari ya Mwenyezi Mungu. Akajibu: ndiyo, tunaikimbia qadari ya Mwenyezi Mungu kuiendea qadari ya Mwenyezi Mungu. Mumeo akitia komeo mlangoni usiku, mbona hasemi imani yake imepungua? Na katika mkusanyo wa hadithi wa Abu Dawud imepokewa kwamba anayelala juu ya nyumba isiyo na ukingo amejiondolea dhamana. Ikiwa ukingo tu umesemewa hivyo, sembuse ukuta wenye ufa?

Ama hili la madhambi, linaniudhi zaidi. Tarehe 8 Oktoba 2005, ndani ya Ramadhani, Kashmir ilitikisika asubuhi watoto wakiwa madarasani. Walikufa watu zaidi ya 70,000. Ustadhi atutajie dhambi ya mtoto wa darasa la pili. Mwaka 2010 Haiti ilipigwa na tetemeko la kipimo cha 7.0, wakafa zaidi ya laki moja. Wiki chache baadaye Chile ikapigwa na la 8.8, lenye nguvu mara mamia, wakafa kama 500. Je, watu wa Chile walikuwa wachamungu kuliko wa Haiti? Tofauti kubwa ilikuwa nondo, saruji na kanuni za ujenzi zinazofuatwa.

Najua watanitolea habari ya Madina ilipotetemeka zama za Umar, akawaambia watu kwamba ni kwa mambo waliyoyazua. Waimalize basi: alisema likirudi hatakaa nao tena humo. Aliyahesabu ya watu wake mwenyewe, hakuwanyooshea kidole majirani, na aliona kuhama ni jambo la kusemeka. Mtume (s.a.w.) naye amemhesabu anayekufa kwa kuangukiwa na jengo miongoni mwa mashahidi, nasi tunamwita mwenye dhambi!

Sasa tuje kwenye ukuta wako. Ufa mwembamba wa lipu ni jambo moja. Unaokata ukuta mshazari ukatokea upande wa pili ni jambo jingine. Mwiteni mhandisi autazame. Kabla hajafika, leo hii, kihamisheni kitanda cha watoto mbali na ukuta huo na mbali na dirisha, kabati refu lifungwe ukutani kwa vyuma, na viatu na tochi viwe karibu na kila kitanda, kwa sababu wengi huumia miguu kwa vioo wakikimbia gizani.

Na mumeo, zungumza naye kwa upole. Huenda kinachomzuia si qadari bali kodi, kazi na wazazi, na mwanamume huona haya kuyataja hayo. Mwulize. Pengine hamhitaji kuliacha eneo, bali kupata nyumba imara mitaa miwili mbele, au kuimarisha hii. Lakini mhandisi akisema nyumba haifai, makazi ya salama ni haki yako juu yake, na kuyadai si uasi. Kosa usingizi kwa sababu nyingine, dada yangu, si kwa kuogopa kwamba umemkosea Mola wako.

Ama nyumba ikitikisika nawe umo ndani ya swala, ivunje. Hata ya faradhi. Wanazuoni wameruhusu kuikata kwa ajili ya kuokoa nafsi, na hapo kuna nafsi za watoto. Wakingeni chini ya meza imara hadi mtikisiko utulie, kisha tokeni mahali pa wazi, uiswali upya hukohuko nje. Wala usirudi ndani kufuata msala.