Vidole vinakufa ganzi usiku, ni simu ama ni kiharusi?

SWALI: Habari daktari. Mimi nauza nguo za mitumba, nachagua Gikomba alfajiri halafu nauza kwa WhatsApp, kwa hivyo siku nzima niko kwa simu, kupiga picha, kujibu makastoma, kuangalia kama M-Pesa imeingia, hadi usiku kitandani. Miezi 3 sasa kidole kidogo na cha pete mkono wa kulia vinakufa ganzi, naamka usiku naukungʼuta mkono. Shingo pia inauma na macho yanawasha. Jirani anasema ni kiharusi kinaanza, dada yangu anasema ni mionzi ya simu. Nifanye nini? (Msomaji, Rongai)

JIBU: Pole sana mama, na umefanya vizuri kutaja ni vidole gani, manake mimi kama fizio, mtaalamu wa tiba ya viungo, hilo ndilo swali la kwanza huwa nauliza. Vidole ndivyo vinatuambia neva gani, yaani mshipa gani wa fahamu, imebanwa na imebanwa wapi.

Kidole kidogo na nusu ya kile cha pete vinapata hisia kutoka kwa neva inaitwa ulna. Unaijua hata kama hukujua jina, ni ile ukigonga kiwiko kwa mlango unaskia kama umepigwa na stima hadi kidoleni. Pale kwa kiwiko inapita kanjia kembamba karibu kabisa na ngozi, haina nyama ya kuikinga. Ukikunja mkono neva inavutika na kale kanjia kanaibana, ukinyoosha inapata nafasi. Sasa angalia siku yako: simu iko karibu na uso, kiwiko kimekunjwa sana na kimeegemea meza ama dirisha la matatu, masaa kwa masaa, halafu usiku unasinzia na simu mkononi, mkono umekunjwa chini ya mto. Hiyo neva haipumziki hata ukiwa umelala, ndio maana inakuamsha. Ingekuwa ni gumba, kidole cha shahada na cha kati, ningeshuku neva nyingine ya kwa kifundo cha mkono.

Kiharusi kwa kawaida huja ghafla, uso unaenda upande, maneno hayatoki sawa, mkono ama mguu wa upande mmoja unaregea, na hapo usingoje kukuche, ni hospitali mara hiyo. Na hayo mawimbi ya simu, kitengo cha saratani cha Shirika la Afya Duniani mwaka 2011 kiliyaweka kwa orodha ya vitu ambavyo huenda vinaleta saratani, wasiwasi ulikuwa uvimbe wa kichwa, sio ganzi ya vidole.

Leo usiku chukua taulo, zungushia kwa kiwiko, funga na leso bila kukaza sana, lengo ni mkono usikunjike ukiwa usingizini. Fanya hivyo kila usiku kama wiki 6, usikate tamaa baada ya siku 2. Mchana simu isimamishe kwa kikombe, kastoma akipiga weka spika, majibu marefu rekodi sauti. Na kama bado hujaweka WhatsApp Business weka, ina katalogi na majibu ya haraka, haina haja uandike "saizi gani, bei gani" mara mia kwa siku na mkono wenyewe unalia.

Shingo nayo, kichwa kina uzito wa kama kilo 5, na hesabu iliyofanywa mwaka 2014 na daktari wa uti wa mgongo kule New York ilionyesha ukikiinamisha digrii 60 mzigo kwa shingo unafika kama kilo 27. Huo ni zaidi ya gunia la mchele la kilo 25, mama, na unalibeba kutoka Rongai hadi tao. Inua simu ije kwa macho, lakini egemeza mkono kwa mkoba ulioupakata ndio kiwiko kisikunjike tena sana. Macho yanawasha manake tukiwa kwa skrini tunasahau kupepesa, kila dakika 20 angalia kitu kiko mita 6 mbele kwa sekunde 20.

Kitu kimoja ningependa ujipime leo, kuona kama hiyo ulna imeanza kudhoofisha nyama za mkono. Shika noti ya mia katikati ya gumba na ubavu wa kidole cha shahada, gumba likiwa limenyooka, mtoto aivute. Kama inachomoka rahisi ama gumba linajikunja pale kwa ncha, ama ukiangalia mgongo wa mkono nyama ya hapo kati ya gumba na kidole cha shahada imebonyea kuliko mkono ule mwingine, achana na mambo ya kungoja wiki 6, nenda hospitali wiki hii uombe kipimo cha neva. Na ganzi ikizidi ukigeuza shingo waambie pia, manake neva inaweza kuwa inabanwa huko juu na hapo taulo haitasaidia.