Baba aliipita Bellevue Palace kila jioni, sasa watoto wanataka alale humo

*Shikamoo Mjomba Safari. Tuko ndugu wanne, watatu Dar na mmoja Mwanza. Baba yetu ni mstaafu wa Posta. Mwishoni mwa miaka ya themanini alipelekwa Bern, Uswisi, kwenye mkutano wa Umoja wa Posta Duniani, akakaa wiki mbili kwenye kihoteli cha choo cha kuchangia, na kila jioni akitoka kutembea alikuwa anapita mbele ya hoteli moja kubwa inaitwa Bellevue Palace. Hiyo hoteli tumeisikia tangu tunanyonya, magari meusi mlangoni, mapazia, taa. Hajawahi kuingia hata kuomba maji. Mwakani wanatimiza miaka 40 ya ndoa na sisi tumechanga tuwapeleke siku tatu. Tatizo ni mama. Anasema yeye hawezi kulala kwenye nyumba ya wakubwa, atachekwa, hajui kijiko kipi kinaanza. Na sisi bili inatutisha. Tushauri. – Wa pili kuzaliwa, Dar*

Marahaba mpwa wangu, hii barua imenifanya niache chai ipoe.

Nianze na mama maana ndo mwenye kesi. Mwambie hivi, hiyo nyumba mwenyewe ni serikali. Sitanii. Hoteli ya kwanza pale ilijengwa 1865, wakaivunja wakajenga hii ya sasa ikafunguliwa 1913, baadae ikawa mali ya benki kuu ya Uswisi, na 1994 benki ikaikabidhi kwa shirikisho, yaani taifa. Wageni wa serikali wanalazwa humo, na bunge liko mlango wa pili tu, unatoka unakohoa umefika. Kwa hiyo ni resthauzi ya serikali kama zile zetu za zamani za mikoani, tofauti ni kwamba hii maji ya moto yanatoka. Mtumishi wa umma mstaafu na mke wake wana haki gani zaidi ya hiyo ya kulala resthauzi?

Kuhusu vijiko, unaanza na vya nje unaingia ndani kadiri sahani zinavyokuja, basi, hakuna siri nyingine. Akikosea mhudumu anabadilisha kimyakimya bila hata kumwangalia usoni, ndo kazi anayolipwa. Mimi nimelala pale usiku mmoja tu, na kahawa nimekunywa mara tatu, na watu waliovaa vibaya kuliko wote kwenye lobi walikuwa matajiri, kaptula na raba. Mama avae kitenge chake kizuri na kilemba, baba koti, wataonekana ndo wenye shughuli. Pale lobi juu kuna dari ya vioo vya rangi, mwambie akae chini yake kwenye kiti anywe chai taratibu, asikimbilie chumbani kama wageni wengi wanavyofanya kwa woga.

Kitu kingine cha kumwandaa, kitanda cha Waswisi cha watu wawili mara nyingi kina mashuka mazito mawili, kila mtu na lake limekunjwa upande wake. Sio kwamba wamejua wamegombana. Mke wangu siku ya kwanza aliniuliza kama niliwaambia kitu risepsheni.

Sasa bili. Hapa niwe mkweli, siku tatu zote Bellevue ni nyingi, na sio kwa sababu ya hela tu. Hoteli kama hii unanunua nyumba, unanunua kukaa kwenye kiti na kuangalia nani anaingia, na hiyo starehe siku mbili inatosha kabisa, ya tatu mtu anaanza kuulizia ugali. Mimi ningewachukulia usiku mbili, usiku wa kwanza walale hoteli ya kawaida karibu na stesheni wapumzishe uchovu wa ndege, maana kulipia chumba cha bei ile halafu ulale masaa kumi na nne kwa sababu hukulala angani ni kuitupa hela mtoni. Na hela msiipeleke kwenye ukubwa wa chumba, ipelekeni kwenye upande. Upande mmoja unaangalia mji, upande mwingine unaangalia chini mto Aare na mbele kabisa milima yenye theluji, Eiger, Mönch na Jungfrau. Chumba kidogo cha upande wa mto kinashinda kikubwa cha upande wa barabara, hilo nakuapia. Ila msiende Novemba wala Januari, ukungu wa huko unakaa juu ya mji hata siku nne mfululizo, utalipia milima na milima usiione. Juni mpaka Septemba ndo wakati.

Mkibuku hakikisheni inasema kifungua kinywa kimo, na kama viza hazijatoka chukueni ile bukingi inayofutika bila kulipa. Viza ni ya Schengen, ile moja ya nchi nyingi za Ulaya, maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na mwisho siku 15 kabla, na bima ya afya ya safari lazima iwe ya kuanzia euro 30,000. Wazee msiwaache wafanye wenyewe dakika za mwisho.

Alafu jambo ambalo naona mmelisahau. Kutoka hotelini, mkizunguka bunge kwa mbele, dakika chache tu kwa miguu kuna bustani inaitwa Kleine Schanze, na ndani yake kuna sanamu ya Umoja wa Posta, imesimamishwa 1909, dunia iko hewani na mabara matano kwa sura ya wanawake wanapasiana barua kuizunguka. Ndo nembo ya umoja wao, baba ameiona kwenye makaratasi ya kazi miaka yote. Umoja wenyewe ulizaliwa Bern hapohapo 1874. Mpigeni picha pale kabla hajaingia hotelini, sio baada. Akishaingia mle ndani hatataka kutoka.

*Kaka habari za kazi. Nilikwenda Ulaya kikazi nikalazwa hoteli ya nyota tano, risepsheni wakachukua kadi yangu ya benki wakasema ni ya dhamana tu. Nimerudi Nairobi nikakuta hela imepungua wiki mbili nzima. Niliibiwa? Na bakshishi pale inatolewaje, mana nilitoa nikaona kama nimemtukana mtu. – Mhasibu, South B*

Hukuibiwa ndugu yangu, na hata mimi yamenikuta, sitaitaja hoteli wala mji, ila nilibaki na senti za chai na siku nne mbele yangu. Wanachofanya ni kuifungia hela kwenye akaunti, ya chumba na nyongeza kidogo ya vile utakavyokula, na ukishalipa wanaiachia. Shida ni kwamba kadi zetu nyingi ni za debiti, sio za mkopo, kwa hiyo wanafungia hela yako halisi, na benki ya nyumbani inachukua muda wake kuirudisha, kila mmoja anasema ni mwenzake. Dawa ni kadi mbili. Moja ya dhamana iwe ya mkopo au ile ya kulipia kabla uliyoweka hela ya hoteli peke yake, nyingine ya kula usiitoe mfukoni mbele ya risepsheni. Na siku ya kuondoka lipa kwa kadi ileile waliyofungia, ukilipa kwa nyingine unakuwa umekatwa mara mbili mpaka ya kwanza iachiwe.

Na kule Uswisi sarafu ni faranga, sio euro. Euro wengine wanazipokea ila chenji inarudi kwa faranga na kwa bei wanayoitaka wao.

Bakshishi: Uswisi huduma iko ndani ya bei tangu miaka ya sabini, kwa hiyo hakuna anayekudai. Kahawa ikiwa faranga sita na senti themanini unaacha saba, chakula kikiwa kizuri unaongeza kidogo, aliyekubebea mabegi unampa sarafu ya faranga mbili au tano, na hutakosea. Wewe nahisi ulitoa senti za shaba, hizo ndo tusi.

*Assalaam alaikum. Mimi na mume wangu tunatoka Unguja, mtoto wetu anasoma Uswisi anataka atulaze siku moja hoteli ya kifahari Bern. Nyama ya halali itapatikana? Na sala? Sitaki kukaa na njaa kwenye hariri. – Bi Mkubwa, Kikwajuni*

Waalaikumussalaam Bi Mkubwa wangu, "njaa kwenye hariri" nimeiandika kwenye daftari.

Uswisi ilipiga marufuku kuchinja mnyama bila kumzimisha kwanza tangu 1893, kwa kura ya wananchi, kwa hiyo nyama ya halali inayouzwa huko aghalabu inatoka nje. Usiingie mkahawani ukategemea kuuliza hapohapo. Mwanao aandike baruapepe hotelini siku kama tano kabla, aseme wazi kwamba hamli nguruwe, hamtaki mvinyo kwenye mchuzi wala kwenye kitindamlo, na hapo amsisitizie mpishi, kwa sababu mapishi yao ya jibini na ya krimu wanamiminia mvinyo kama sisi tunavyotia tui. Ile fondue maarufu, jibini ya kuyeyushwa, ina mvinyo. Hoteli kubwa hazichoki na maombi ya hivi, ndo zinavyoishi na mabalozi. Samaki na viazi vyao vya kukaanga vinavyoitwa rösti vitakutoa, ila uliza kama viazi havikukaangwa na mafuta ya nguruwe, wengine wanatia vipande.

Sala, chumbani kuna nafasi na ukiomba mwelekeo wa kibla risepsheni watakutafutia, au simu tu. Mume wako akitaka sala ya jamaa, kuna Nyumba ya Dini pale Europaplatz, imefunguliwa 2014, jengo moja lina msikiti, hekalu la Wahindu, kanisa na wengine, kila mtu na mlango wake. Inafikika kwa usafiri wa mji, na usafiri huo kwa mgeni anayelala hotelini Bern ni bure, unapewa tiketi inaitwa Bern Ticket kwa siku zote za kulala. Watu wanaisahau kuidai. Daini.

*Niambie ukweli bro. Bern si imepooza hiyo? Jamaa yangu anaishi Zurich ananiambia saa moja jioni mji umelala. Sasa nilipe hela yote hiyo nikalale kwenye mji uliolala? – Kijana wa Kariakoo*

Imepooza ndio. Watu wenyewe hawafiki laki moja na nusu, makao makuu ya nchi nzima. Maduka siku za kawaida yanafungwa jioni mapema isipokuwa Alhamisi, Jumapili yamefungwa kabisa labda yale ya ndani ya stesheni, na usiku baada ya saa nne ukicheka kwa sauti dirishani unajisikia mwizi. Lakini kijana, hoteli ya kihistoria Dubai ungeifanyia nini, si ungeshinda nje? Mji ukipoa ndo nyumba inasikika.

Na Bellevue ina ya kusikia. Vita ya kwanza ya dunia makao ya jeshi la Uswisi yaliwekwa humo, jenerali Wille na maafisa wake, wenye hoteli wageni wao wakawa wanajeshi. Vita ya pili Uswisi haikupigana, kwa hiyo Bern ikajaa majasusi wa kila upande, Mmarekani Allen Dulles alifika 1942 akakaa mtaa wa Herrengasse, si mbali na hapo, na kwenye hii hoteli maadui walikuwa wanakula meza za jirani. Mpaka leo kila bunge linapotaka kuchagua baraza la mawaziri, wale saba, usiku wa kuamkia kura wabunge na waandishi wanajazana baa ya Bellevue mpaka alfajiri kupanga nani aingie nani atoswe, wenyewe wanauita usiku wa visu virefu. Hiyo mara nyingi ni Desemba. Ukipenda siasa nenda siku hiyo, glasi moja ya soda unasikia zaidi ya gazeti, kama Kijerumani chao cha Bern utakielewa, mimi sikuambulia kitu.

Mchana huhitaji kelele. Mji wa kale una barabara za vibaraza vya mawe vilivyoezekwa, kama kilomita sita, mvua ikinyesha hulowi, mimi vilinikumbusha Mji Mkongwe ila bila mtu wa kukuita "karibu rafiki, angalia tu". Kuna saa ya mnara Zytglogge, fika dakika tano kabla ya saa kamili uone vidubu wakizunguka na jogoo akiwika. Chemchemi za mtaani maji yake yanakunywika, kwa hiyo chupa ya maji ya chumbani usiiguse, hiyo ndo inakula watu. Na ukienda Julai au Agosti teremka Marzili, sehemu ya kuogelea kando ya mto, kiingilio hakuna, wenyeji wanajitupa mtoni juu huko wanasombwa na maji mpaka bwawani, wanatoka, wanapanda tena kwa miguu, wanajitupa tena, mtu mzima na tai yake ameikunja kwenye mfuko. Kama hujui kuogelea vizuri usijaribu, mto una kasi na ni baridi kweli.

Adapta usisahau. Soketi zao zina matundu matatu madogo ya kwao peke yao, plagi ya Dar haiingii, na ile adapta nene ya mviringo ya Ujerumani nayo haiingii, nimeshashuhudia mtu anaisukuma kwa goti. Risepsheni watakuazima, waulize mapema kabla simu haijazima.