Ketuba ya zawadi: makomamanga ama dhahabu?

SWALI: Hujambo anti? Rafiki yangu wa tangu praimari anaolewa Desemba hapa Nairobi, yeye na mchumba wake wote ni Wayahudi, na nataka kuwanunulia ketuba, ule mkataba wa ndoa wa Kiyahudi, ya kutundika ukutani. Nimeona kwa mtandao moja iko na makomamanga na kuta za Yerusalemu, ingine imejaa dhahabu, sasa nimechanganyikiwa. Nataka iwe sapraizi. Nichukue gani?
Msomaji, Kilimani

JIBU: Mrembo, zawadi ni ya maana sana, lakini hiyo sapraizi achana nayo. Ketuba ni mkataba kwanza, urembo unafuata. Humo bwana harusi anajifunga kumlisha mkewe, kumvisha na kumtimizia haki za ndoa, na pesa inatajwa kabisa, zuz (sarafu za fedha za zamani) 200 kwa msichana anayeolewa mara ya kwanza na 100 kwa mjane, ndio wakiachana ama mume akifa mama asibaki mikono mitupu. Inasomwa chini ya hupa, kile kitambaa maharusi wanasimama chini yake, halafu bibi harusi anakabidhiwa, ni yake.

Kwa hivyo anza na rabi atakayewafungisha. Maandishi hayafanani, Wayahudi Waorthodoksi, wale wa desturi za kale, wanashikilia Kiaramu cha zamani, Wareform wengi, wale wa mrengo wa kisasa, wanaandika ahadi za pande zote mbili, na ukileta maandishi ambayo rabi hayakubali, hata dhahabu ing'ae aje, haitasainiwa. Rafiki yako amuulize mapema. Kuna marabi wanataka herufi moja ya Kiebrania, ile kuf, iachwe bila mguu (mstari wake wa kushuka chini), mguu unachorwa siku yenyewe bwana harusi akishashika kitambaa mbele ya mashahidi kuonyesha amekubali mkataba, sasa wewe ukiagiza imekamilika hapo umeharibu.

Majina yanaandikwa Kiebrania pamoja na la baba, na tarehe ni ya kalenda ya Kiyahudi ambapo siku inaanza jua likizama, yaani harusi ikianza saa moja jioni inahesabiwa siku inayofuata. Ndio maana usikubali msanii achapishe kabla hajakutumia nakala ya kukagua, na hiyo nakala impitie rabi.

Kuhusu urembo, mimi ningeenda na makomamanga. Wayahudi wa Italia walikuwa wakipamba ketuba kwa maua na matao tangu miaka ya 1600, na mpaka leo mtindo huo unapendeza. Dhahabu pia sawa, mradi isifike penye sahihi maana wino haushiki vizuri juu yake, na nafasi iwepo ya mashahidi wawili ambao si jamaa za maharusi.

Cheti cha ndoa cha serikali bado watakihitaji, ketuba haichukui nafasi yake.

Fremu ingoje baada ya harusi. Usiilaminishe tafadhali, mwambie fundi aweke kadibodi pembeni ili kioo kisiguse karatasi, na waitundike mahali jua la dirishani halifiki.