Dada, msiuze kiwanja kabla kinyama hakijapimwa

Simama kwanza. Unasema baba ana saratani ya utumbo mpana iliyofika kwenye ini, mmeambiwa apewe dawa ya kuamsha kinga, kiwanja kinauzwa wiki hii, na unauliza bei, chakula na kama asafiri India. Mimi nakuuliza moja: kinyama chake, yaani kipande cha uvimbe kilichokatwa, kimepimwa MMR, protini zinazorekebisha makosa ya DNA ndani ya seli?

Sisi hatukupima. Mama aliugua hivyohivyo. Dalali wa matibabu akatuambia kinga ya mama imelala, dawa ya pembrolizumab itaiamsha. Tukauza kiwanja. Dripu miligramu 200 kila wiki 3, nusu saa imekwisha. Baada ya dozi ya 4, picha ya CT ikaonyesha uvimbe wa ini umekua. Daktari mwingine ndiye aliyeuliza majibu ya kipimo. Kumbe kinyama cha siku ya upasuaji kilikuwa maabara muda wote, kimezamishwa kwenye nta, kidogo kama ukucha. Wakakichanja, wakapaka rangi: protini zote 4 za MMR zipo, yaani uvimbe hauna kasoro ya MMR. Dawa ile peke yake haikuwa ya mama.

Sikiliza uvimbe unavyofanya. Seli T, zile zinazoua saratani, zina breki inayoitwa PD-1. Uvimbe huota protini iitwayo PD-L1, ukaikanyaga breki hiyo, na seli zikapoa zikiwa zimeshaingia ndani. Dawa huondoa huo mguu kwenye breki, basi. Sasa uvimbe wenye kasoro ya MMR haurekebishi makosa ya DNA, hivyo hujaa protini ngeni, seli T zinazinusa na kuingia kwa wingi. Hapo dawa ina wa kuwaamsha. Uvimbe kama wa mama hauna protini ngeni nyingi, na mwingine humwaga TGF-beta, protini inayozizuia seli T kuingia, zikabaki nje. Utamwamsha nani kwenye nyumba tupu? Saratani hii ikishasambaa, wenye kasoro ya MMR ni kama 5 kati ya 100. Hao inawasaidia kweli. Marekani iliiruhusu kwa kigezo hicho tangu 2017.

Yule dalali sijamsamehe. Hoteli aliijua, viza aliijua, kipimo hakukitaja hata siku moja, na mama alikuwa anamwita mwanangu.

Kesho asubuhi nenda maabara walikopeleka kinyama cha baba. Waambie bloku ya nta ipimwe MMR, subiri majibu mkononi. Mnunuzi wa kiwanja mwambie asubiri.