Kwa Wanaoanza Uhakiki: Niliyojifunza kwa Filamu ya Red Cliff

Mhakiki anayeanza huwa na haraka ya kuamua kama filamu ni nzuri au mbaya, ilhali anapaswa kwanza kujua ametazama toleo lipi. Somo hili nililipata kwa aibu. Niliwahi kuandika kwamba wahusika wa Red Cliff, filamu ya John Woo kuhusu vita vya mwaka 208 katika Mto Yangtze nchini China, wanaingia vitani kabla hatujawafahamu. Msomaji mmoja akanieleza, kwa upole nisioustahili, kwamba nilikuwa nimetazama toleo la takriban saa mbili na nusu lililofupishwa kwa ajili ya nchi za nje, wakati watazamaji wa Asia walionyeshwa sehemu mbili, mwaka 2008 na 2009, ambazo kwa jumla zinazidi saa nne. Nilipozitazama zote, niliona kuwa lawama zangu nyingi zilimstahili aliyekata, si aliyeongoza.

Unapotaja ubora, usiridhike kuandika kwamba mapigano yanasisimua. Katika pambano la nchi kavu, kamera inatuonyesha kutoka juu jinsi ngao zinavyofunguka na kufunga njia, kisha inashuka hadi kwenye vumbi, ambako askari wa farasi wa Cao Cao, mtawala anayevamia kusini, wanagundua kuwa wamenaswa. Kwa kuwa tumekwisha kuiona ramani nzima, tunaelewa kila pigo linatoka wapi. Filamu nyingi za vita hukosa jambo hilo, zikatuachia kelele tu.

Kuhusu historia, kuwa mwangalifu. Kisa cha Zhuge Liang, mshauri wa kivita wa upande unaompinga Cao Cao, kukusanya mishale ya adui kwa mashua zilizojazwa majani makavu kimetoka katika riwaya iliyoandikwa karne nyingi baada ya vita, kwa hiyo si haki kumlaumu mwongozaji kana kwamba amekibuni yeye.

Udhaifu ninaousimamia hadi leo, hata katika toleo refu, ni kwamba Cao Cao, mtawala aliyekuwa pia mshairi, anapunguzwa kuwa mzee anayemtamani Xiaoqiao, mke wa Zhou Yu, kamanda wa wapinzani wake. Mwanamke huyo anakwenda kambini kwa Cao Cao na kumwandalia chai taratibu ili kumchelewesha mpaka upepo ugeuke na kuwafaa wapinzani wake, na kwa kweli chai hiyo inamchelewesha na mtazamaji.