Mwanangu, Piga Mswaki Usiku

Mwaka wa kwanza chuoni nilidhani wenzangu kwenye diskasheni wananiogopa kwa akili. Nikianza kueleza, huyu anageukia dirishani, yule anainama kutafuta kalamu ambayo haijaanguka. Muhula mzima!

Aliyenitoa gizani ni jamaa niliyembeba kitandani kwangu baada ya kukosa chumba. Tulikuwa tunalala mzungu wa nne. Siku moja nikamwambia tugeuke, tulale kichwa kwa kichwa. Akakaa kimya kidogo, kisha: "Mwanangu, usinielewe vibaya. Bora miguu yako."

Nilinuna siku mbili. Mbona kila asubuhi napiga mswaki? Kumbe kosa lilikuwa usiku. Nilikuwa nakula chips mayai saa tano, narudi kwenye madesa, nalala hivyo hivyo. Mtu akilala mate hupungua sana, na bakteria wanabaki na mabaki ya chakula mpaka alfajiri, wakitoa gesi za salfa, ndugu wa harufu ya yai viza. Wakati wa UE, mitihani ya mwisho wa muhula, nilizidisha: kahawa kavu, maji hakuna, kinywa kikavu kutwa.

Halafu ulimi. Nilitoa ulimi kwenye kioo nikakuta utando mweupe huko nyuma, ambako mswaki wangu haukuwahi kufika. Siku hizi naukwangua taratibu kila nipigapo mswaki. Mwanzoni utasikia kichefuchefu, utazoea. Dawa ya meno iwe na floraidi, dakika 2 asubuhi na 2 kabla ya kulala, na mswaki ukishachanua nywele, tupa.

Harufu ilipungua, haikuisha. Nikaenda kwa daktari wa meno, akakuta ugaga umejificha chini ya fizi na gego moja limetoboka. Ugaga ukishakuwa mgumu hautoki kwa mswaki, hata usugue mpaka damu itoke. Aliukwangua, akaziba jino. Hapo ndipo nilipopona.

Ukiwa na rafiki mwenye shida hii, mwite pembeni umwambie, mkiwa wawili tu. Na usijifiche nyuma ya bigijii. Mule kwenye diskasheni nilikuwa nikipewa bigijii karibu kila siku, nami nikawa nawasimulia watu nyumbani jinsi wanachuo wa kozi yetu walivyo wakarimu.